X Kumi na Moja Kwenye Ukuta wa Bibi

Juzi fundi kaja kunipakia geti langu hapa Chamazi rangi nyekundu. Kafungua kopo tu, mie nikakaa chini. Sio kwamba nilipenda kukaa, miguu ndo ilikaa, mie nikaifuata. Fundi kashtuka, "Dada vipi, harufu imekupanda kichwani?" Nikamwambia imenipanda kaka, ila kichwani imepita tu, imeshuka mpaka Mbagala. Nikamrudisha dukani akalete ya kijani. Jioni mume wangu karudi kakuta geti la kijani kama msikiti, kaniuliza ile nyekundu tuliyokubaliana iko wapi. Nikamjibu imeisha dukani. Siku hiyo nyekundu iliisha Dar nzima, bwana, mpaka nyanya sokoni zilikuwa zinauzwa mbichi.

Kweli yenyewe nawaambia nyie wa rika langu, mliokulia kwenye mabanda ya gemu. Hawa wadogo wa gemu za simu ukiwaambia tulikuwaga tunapanga foleni kugusa padi wanakuona umeshuka jana kwenye safina ya Nuhu.

Nilikulia kwa bibi yangu mzaa baba, Mbagala, kwenye nyumba ambayo Babu aliijenga kwa mikono yake. Babu alikuwa mchonga vinyago, katoka kusini na patasi zake kwenye kifuko, kafika Dar kamuona Bibi, kusini hakurudi tena. Mie sikumkuta, ila nilikuwa namjua kuliko waliomkuta. Maana si mnajua utani wetu, mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi yake. Bibi jina langu hakulitajaga, alikuwa ananiita mke mwenzangu, na marehemu alikuwa mume wetu. "Hii nyumba ya mume wetu," anasema huku anafagia uwanja, "mie na wewe ndo wenyewe. Hao wengine wote wageni." Hao wengine ni baba yangu na ndugu zake, watu wazima na ndevu zao.

Bibi alikuwa anapika vitumbua. Vitumbua vya Bibi ukila kimoja Mbagala unasikia utamu mpaka Kigamboni. Kazi yangu kuvitembeza na ndoo, na mteja wangu mkubwa alikuwa Braza Chidi, kijana wa mtaani kwetu mwenye banda la gemu. Banda lenyewe la mabati, ndani tivii mbili na watoto mia tano, joto lake ungeweza kuchemshia maharage.

Sasa siku moja Braza Chidi kaenda Kariakoo kununua diski mpya ya mpira. Kizungu chake kilikuwa kama changu mie, cha kusoma picha. Kaona kwenye kava jamaa kavaa helmeti kakumbatia mpira, akajua huyu kipa. Kamuuliza muuzaji, "Makipa siku hizi wanavaa helmeti?" Muuzaji kamjibu, "Huko Marekani bodaboda nyingi, kaka."

Kaleta, kaweka, mtaa mzima tumejaa. Loh! Mpira wenyewe umbo la papai bichi. Hawaupigi teke, mtu anaukumbatia anakimbia nao kama mwizi wa kuku, na wenzake wanamrukia wanamlalia juu. Anayelaliwa akiinuka hata hajifuti, anarudi kupangwa tena. Watoto wakapiga kelele, "Gemu la vibaka hili! Toa, weka ile ya zamani!" Ikatolewa, ikawekwa kwenye tivii ya pili, ile yenye mstari katikati ambayo hakuna aliyekuwa anaitaka. Na mie nilikuwa sitakiwi, maana wale wavulana walishapitisha sheria yao, demu hashiki padi. Basi tukakutana, mie na tivii mbovu na gemu la vibaka. Kitumbua kimoja cha juu, Braza Chidi ananiachia padi.

Nilikuwa sijui kitu. Nabonyeza bonyeza tu. Hapo ndo nikaangukia ukurasa ambao sijausahau mpaka kesho. Uwanja mtupu wa kijani, una mistari kama karatasi ya daftari, na juu yake zimesimama X kumi na moja. Hazikimbii, hazisemi, zinakungoja wewe.

Ngoja niwaambie, mie na X tulikuwa tunajuana kwa ubaya. Shule yenyewe niliishia la nne, tena hilo la nne nililichungulia dirishani, na daftari langu la hesabu mwalimu alilipiga X mpaka likafanana na senyenge. Kwa hiyo kuziona pale nikajua nimekosea tena. Braza Chidi ndo kanitoa hofu.

"Hao walinzi wako," kanambia. "Kila X ni mtu. Unamshika, unamburuza, unamsimamisha unapotaka. Ukimaliza unabonyeza hapa, gemu inakumbuka."

"Wanalinda nini?"

"Wale wenye mpira wanataka kupita kwako. Lakini wamepewa mara nne tu. Wakigonga mara nne hawajapita, basi, mpira wanakuachia wewe."

"Na wakipita?"

"Wakipita wamefunga. Lakini si unaanza wewe sasa? Kama chandimu ya mtaani tu. Ukifungwa, mpira wako."

Jamani, nilipenda. Nikashika padi nikaanza kupanga. Mtoto ambaye nyumbani hapangi hata vyombo, nilikuwa nawapanga wanaume kumi na moja, wana mabega kama makabati, na hakuna hata mmoja anayebisha. Nikisema wewe kaa pembeni, anakaa. Nikisema nyie wawili mbaneni yule mrefu, wanambana. Mpango wa kwanza niliuita Vitumbua, maana nilizipanga zikae duara kama kwenye chuma cha Bibi. Mwingine Foleni ya Maji. Braza Chidi ananiandikia majina, mie nampa kitumbua. Ukijaribu kuongeza mtu wa kumi na mbili gemu inagoma, ndo hao hao, ukimpeleka mmoja mbele ujue umemtoa nyuma.

Mpango wangu mkubwa kuliko yote uliitwa Mama Mkwe Kaja. Wote mbele, mstari mmoja, bega kwa bega. Maana mama mkwe akija, si nyumba nzima inatoka barazani? Braza Chidi kautazama kanicheka. "Nyuma kuna nani?" Nikamwambia nyuma hapana mtu, mgeni gani anapitia nyuma? Akachukua padi yake, karusha lile papai juu ya vichwa vyao wote, mtu wake kaudaka huko nyuma anatembea. Anatembea, wala hakimbii. Nikamwambia kabahatisha.

Sasa asubuhi moja Bibi kaenda kununua nazi, mie nipo barazani nakwangua ndoo. Wakaja wanaume watatu wamevaa vizibao, mmoja kashika futi ya kamba, mmoja kashika karatasi, wa tatu kashika kopo na brashi. Wakapima kutoka barabarani mpaka barazani kwetu. Yule wa kopo kachovya brashi, kaja kwenye ukuta wa mbele, pembeni ya mlango wa mume wetu, kapiga mstari, kapiga na wa pili juu yake. X. Nyekundu, kubwa, imepita urefu wangu, inachuruzika.

Nilifurahi mie! Nikasimama na mwiko mkononi. Nyumba yetu imepewa mlinzi. Nikamwambia, "Shikamoo. Samahani kaka, mmoja tu?"

Kageuka kanitazama. Kamtazama mwenzake. Kasema polepole, "Mmoja anatosha, mdogo wangu."

Nikamwambia ahsante.

Bibi karudi, kafika pale uwanjani, nazi zikamdondoka zote. Kakaa chini, chini kabisa kwenye mchanga, hata hakutafuta kigoda. Mie namrukia shingoni, "Bibi, tumepewa mlinzi! Bibi, ona!" Kanivuta kifuani, kanibana kichwa pale kwenye khanga, na harufu ya ile rangi ilikuwa imejaa uwanja mzima. Kasema, "Nimemuona, mke mwenzangu. Nimemuona." Nikajua analia kwa furaha. Watu wazima wana mambo yao.

Mtaa wetu ulikuwa unapigwa X upande wetu tu, maana barabara inapanuliwa. Ng'ambo, kwa Mama Zubeda, hawakupiga. Nikamuonea huruma. Mama Zubeda alikuwa mjane, anauza mkaa, ana watoto sita, na hawajampa mlinzi hata mmoja! Nikachukua kipande cha mkaa wake mwenyewe, nikamchorea X moja nzuri mlangoni. Katoka kwenda kumwaga maji, kaiona, kapiga ukelele ambao nina hakika meli zilisimama bandarini. "Nimekufa! Na mie! Jamani na mie!" Watu wakajaa, Bibi yumo. Zubeda rafiki yangu akasema mchoraji ni nani, bila hata kuulizwa. Mama Zubeda kaja na mwiko wa ugali.

"Mtoto mwanaharamu wewe, umenipigia X?"

"Mama, nimekuwekea akulinde."

"Anilinde nani? Hiyo ni kubomolewa! Penye X ndo panavunjwa, pumbavu!"

Mie nikamtazama Bibi. Nilikuwa namngoja aseme Mama Zubeda muongo, maana kwa Bibi, Mama Zubeda alikuwa muongo tangu zamani, hata kwenye kipimo cha mkaa. Bibi kaangalia pembeni.

Mngekuwa nyie mngelia. Mie nililia, ndio, kama dakika nzima, halafu nikapata akili. Mmoja hatoshi! Hata kwenye gemu, nani anacheza na mlinzi mmoja? Ndo maana wanapita. Mchana ule ule nikachukua mkaa nikaongeza wengine kumi kwenye ukuta wa Bibi, mstari mmoja, bega kwa bega, wote mbele. Mama Mkwe Kaja. Bibi kaja na kitambaa cha maji afute. Kasimama pale kitambaa kinadondosha, kaniuliza hawa wote ni nani. Nikamwambia habari yote, walinzi, mara nne, mpira kurudi kwetu. Kakamua kitambaa kakianika. "Waache," kasema. "Labda watu wa barabara wakihesabu watachoka."

Wale wa vizibao walipopita tena yule wa karatasi kashika kiuno. "Huyu kapigaje X kumi na moja? Nyumba moja itavunjwa mara kumi na moja?"

Wanaume wa mtaani, baba yangu yumo, wakaenda ofisini kuuliza. Ofisi ya kwanza ikawaambia nendeni ya pili. Ya pili ikawaambia nendeni ya kwanza. Walirudi hivo mpaka viatu vya baba vikaisha, akawa anavaa kamba tu. Majirani wakaanza kuvua mabati yao wenyewe, wakang'oa milango. Wakamwambia Bibi na yeye avue, angalau aokoe bati. Bibi kawajibu, "Nivue bati mchana watu wananiona? Nikivua bati nimevua nguo."

Basi katapila likaja. Siku ya kwanza mvua ilikuwa imenyesha, na Mbagala ikinyesha mnajua wenyewe. Lile dude kabla halijafika kwetu likazama kwenye tope mpaka dereva akawa anasalimiana na watu wa kuzimu. Wakalivuta kutwa, wakaondoka nalo. Nikachora mstari mmoja nyuma ya mlango. Moja.

Siku ya pili likaja kavu kabisa, likafika kwa jirani, likakohoa, likazima. Mafuta. Yalikuwa yameibwa usiku, na nani mie sijui, ila Braza Chidi wiki ile jenereta la banda lake halikuzima. Mbili.

Siku ya tatu sasa. Kina mama walisikia linakuja, wakakodi turubai, wakalisimamisha mbele ya nyumba ya Bibi, wakatandika mikeka, wakaanza kulia. Msiba! Nani atabomoa nyumba yenye msiba? Dereva kafika kazima mashine, kavua kofia, kaja taratibu. "Poleni sana. Aliyefariki ni nani?" Mama Zubeda kasema shangazi, baba yangu kasema mjomba, mwingine kule nyuma kasema mtoto. Kwa mkupuo mmoja. Dereva kawatazama. Kijana mwembamba tu, ana macho ya usingizi. Kakaa mkekani na kofia yake mapajani, wakampa pilau, kala, kanawa, kasema Mungu awape subira, kaondoka na dude lake.

Tatu! Niliruka mpaka nikagonga bati. Nilimwambia kila mtu, imebaki moja, wakishindwa hii basi, sheria hiyo, mpira wanatupa. Watu wazima wananiambia haya mama, haya. Lakini jioni ile, Bibi anachekecha unga, haniangalii, kaniuliza kwa sauti ndogo kama mtu anayeuliza dawa ya aibu.

"Mke mwenzangu. Imebaki ngapi ulisema?"

"Moja, Bibi."

"Na hiyo moja wakishindwa, hawarudi?"

"Hawarudi."

Kachekecha. "Tutaizuia," kasema.

Mpaka leo hilo ndo linanimaliza. Mie kuamini sawa, nilikuwa mtoto. Lakini Bibi, aliyezika mume, aliyezika watoto wawili, kafika mahali pa kuhesabu na mie.

Asubuhi ya mara ya nne Bibi kasali, kavaa khanga zake mpya, katoa kigoda kakaa mlangoni. Mie nimesimama pembeni yake, mgongo kwenye ukuta, kichwa changu kwenye X. Baba na wanaume wengine wako chini ya turubai, turubai la msiba lilikuwa bado limesimama, marehemu hajapatikana. Tunaangalia barabarani. Wote tunaangalia barabarani. Barabara nyeupe, hapana kitu, ila mngurumo tunausikia. Mie nikasema linaogopa, Bibi, limejificha.

Ndo nikamuona Braza Chidi anakuja mbio kutoka uchochoroni, kandambili moja mguuni moja mkononi. "Nyuma!" anapiga kelele. "Limepita nyuma! Lipo chooni!"

Nyuma palikuwa na kiwanja kitupu tulichokuwa tunachezea rede. Mlango wa nyuma hauna hata komeo.

Yule dereva aliteremka, kazunguka nyumba nzima kwa miguu mpaka mbele. Kasimama mbele ya Bibi, kainama kidogo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Umeamkaje?"

"Salama. Bibi, leo nimeuliza mtaa mzima. Wameniambia hapana msiba."

"Upo, baba," Bibi kamwambia. "Ile siku ulikuja mapema tu."

Yule kijana kaangalia kofia yake. Kasema samahani bibi, mie natumwa. Bibi kamwambia najua mwanangu, umekunywa chai? Kasema bado. Na kweli, wallahi, Bibi kaniambia nimpe vitumbua, nikampa, kavila kasimama wima, machozi yanamtoka, halafu karudi nyuma kupanda mashine yake. Baba na wenzake wakaingia ndani wakatoa godoro, sufuria, na kile kifuko cha patasi. Hawakupata muda wa kingine, mie na Bibi wakatusogeza barabarani.

Lilianza chooni, likaja jikoni, likaja vyumbani. Nyumba ikilia inalia kama mtu, acheni. Mabati ambayo Bibi hakutaka kuyavua yalivuliwa mbele za watu. Vumbi likapanda, na vumbi lilipokaa tukaona ukuta wa mbele peke yake. Umesimama. X zangu zote kumi na moja, ile nyekundu na zile za mkaa, bega kwa bega, hata moja haijaguswa. Zimetukabili sie tuliokaa barabarani. Na nyuma yao hapana nyumba, mbingu tu.

Halafu ukuta ukaja mbele taratibu, kama mtu anayesujudu.

Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Baba kakaa juu ya godoro kashika kichwa. Mie nilikuwa natafuta neno la kumwambia Bibi na sina, nina la Braza Chidi tu. Nikamvuta khanga.

"Bibi, wamefunga. Basi sasa ni zamu yetu. Ukifungwa, mpira wako."

Bibi kaitazama ile mikono yangu, imejaa mkaa na vumbi. Hakucheka, wala hakunikaripia. Kaniuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

"Haya, mke mwenzangu. Huo mpira uko wapi?"

Nikainama nikaanza kuutafuta kwenye matofali.